Mgeni wa Nani?

Wiki chache zilizopita binamu yangu aliyeko Hamburg alinipigia simu usiku, furaha tele: amepata kibali cha kudumu cha kukaa Ujerumani. Si mchezo. Miaka mitano ya ukaazi, miezi 60 ya kuchangia pensheni, mtihani wa Kijerumani kiwango cha B1, mtihani mwingine wa sheria na maisha ya nchi, na uthibitisho kwamba nyumba aliyopanga inamtosha. Mimi nilikuwa Tabora kikazi. Asubuhi yake nikapanda bodaboda kwenda Itetemia, masharti yake yakiwa bado kichwani.

Nilipofika nilimwamkia mzee mmoja aliyekaa chini ya mwembe. Akaitikia, akanitazama, kisha akauliza: "Wewe ni mgeni wa nani?" Nikaanza kueleza kazi yangu, gazeti, utafiti. Hakuvutiwa. Alitaka jina la mwenyeji wangu.

Swali hilo ni la zamani hapa. Leo Itetemia ni kata ya Manispaa ya Tabora, lakini katika karne ya 19 ndipo alipokaa mtemi wa Unyanyembe. Richard Burton alipofika Kazeh, kitongoji cha wafanyabiashara, Novemba 1857, aliiandika Ititenya. Mtemi alikuwa Fundikira, na aliyempokea Burton alikuwa Snay bin Amir, Mwarabu aliyeanza maisha kwa kutengeneza haluwa huko Muscat. Waarabu wakaazi wa Kazeh walikuwa wachache, kwa hesabu ya Burton hawakuzidi 25, ila walikuwa na tembe kubwa, bustani, ng'ombe na watumwa. (Watumwa nao walikuwa wageni, wengi wao waliletwa kutoka mbali. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kukaa.)

Hakukuwa na fomu ya kujaza. Kulikuwa na zawadi kwa mtemi, heshima, na muda wa kujuana. Kulikuwa pia na ndoa. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira. Ukishakuwa mkwe wa ikulu, jamani, nani atakusumbua na kibali?

Fundikira alifariki 1858, akarithiwa na Mnwa Sele. Hapa ndipo hadithi inaponiuma. Mtemi mpya aliamua kwamba bidhaa zote zinazoingia nchini mwake zilipiwe ushuru, za Waarabu zikiwemo. Ukitazama kwa macho ya leo, ni jambo la kawaida kabisa: mkaazi wa kigeni anafaidika na nchi, basi achangie. Binamu yangu kachangia miezi 60 bila kunung'unika (sawa, kanung'unika kidogo). Wafanyabiashara wa Kazeh walikataa. Wakachukua bunduki, na kufikia 1860 walikuwa wamemtoa Mnwa Sele na kumweka Mkasiwa mahali pake.

Yaani wageni walibadilisha mwenyeji.

Mnwa Sele hakukubali. Aligeuka mkimbizi ndani ya nchi yake mwenyewe, akapigana huku na kule kwenye njia ya misafara. Mwaka 1861 alikutana na Speke, akamwomba amsaidie kupatana na Waarabu, suluhu haikupatikana. Snay bin Amir naye aliuawa katika vita hiyo mwaka huohuo. Mnwa Sele alikamatwa 1865, akakatwa kichwa. Nimesoma waandishi wanaomwita mtemi mkorofi. Sikubaliani nao. Aliomba kodi tu.

Mgeni aliyefuata hakuomba hata hodi. Emin Pasha alifika Tabora 1890, akapatana na Waarabu na kupandisha bendera ya Ujerumani. Isike, mtemi wa wakati huo, alipinga. Januari 1893 Tom von Prince alipoivamia ngome yake, Isike alilipua baruti iliyokuwa ndani akiwamo mwenyewe. Wajerumani wakamtawaza Nyaso.

Lakini nisimalizie kwa wazungu, maana mkoa huuhuu una kesi ya karibu zaidi. Ulyankulu, ambayo sasa iko Wilaya ya Kaliua, ni moja ya makazi walikopelekwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Walilima, wakazaa, watoto wakasoma kwa Kiswahili. Mwaka 2007 serikali iliwafungulia mlango wa uraia, na takribani watu 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo wakakubaliwa. Kumbe kulikuwa na sharti: wahamie mikoa mingine. Wengi walijikuta wameukana uraia wa Burundi na cheti cha Tanzania hawajakishika. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, na hatimaye wakaruhusiwa kubaki walipo.

Miaka 42, tangu kuvuka mpaka hadi kushika karatasi. Nilipomtumia binamu yangu hesabu hiyo, alijibu kwa picha ya kadi yake mpya, kidole gumba kimefunika namba.

Yule mzee mwishowe alinipa kigoda. Nilimtajia dereva wa bodaboda, kijana wa mtaa wa pili, kuwa ndiye mwenyeji wangu. Akacheka, akasema anamjua baba yake.