Ndovu na Sindano: Habari za Ushonaji Katika Ukambani



Desturi ya kitabu kama hiki ni kutoa hesabu ya fedha, mikutano na misaada. Mambo hayo ni ya lazima. Lakini iko kazi moja iliyovisha na kulisha nyumba nyingi katika nchi yetu, nayo haina ukurasa wake katika vitabu vya historia. Kazi hiyo ni ya sindano. Twaomba nafasi kidogo tueleze ilikotoka, tuonyeshe jinsi mwanafunzi anavyoweza kuianza, kisha tuweke jambo moja mbele ya wazee ili walifikirie.

Pembe kwa nguo

Zamani za mababu vazi la Mkamba lilikuwa la ngozi. Nguo za pamba zilitoka pwani, wala hazikuja bure. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wachukuzi wakubwa wa pembe za ndovu. Misafara yao ilitoka Kitui ikavuka nyika mpaka Rabai na Mombasa, ikarudi na nguo, ushanga na waya wa shaba. Mashuhuri katika wafanyabiashara hao alikuwa Kivoi wa Kitui, ambaye mmishonari Krapf alimzuru mwaka 1849. Na ni katika safari hiyo, tarehe 3 Desemba, Krapf alipouona mlima Kenya kwa macho yake. Kivoi aliuawa mwaka 1851, msafara wake uliposhambuliwa karibu na mto Tana.

Nguo iliyotafutwa sana siku hizo iliitwa merikani, na jina lake lasema ilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said, mtawala wa Omani na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Basi merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zikaleta nguo ngumu isiyotiwa rangi, zikaondoka na pembe. Viwanda vya kaskazini ya Marekani viliifuma nguo hiyo kwa pamba iliyolimwa kusini na watu weusi waliokuwa watumwa. Yafaa tulitafakari jambo hili: ndovu aliyeanguka katika nyika yetu, na mtumwa aliyeinama katika shamba la pamba, walikutana katika shuka moja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani, kuanzia 1861 hata 1865, merikani ilipungua sana, na baadaye nguo za viwanda vya Bombay zikashika mahali pake.

Katika watumwa wale alikuwako mtoto wa kike aliyezaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Georgia, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Harriet Powers. Alipokuwa huru alishona mfarishi wa viraka, na juu yake akashonea sura za watu na wanyama wa hadithi za Biblia. Mfarishi huo ulionyeshwa mwaka 1886 katika maonyesho ya pamba ya mji wa Athens, huko huko Georgia. Mwalimu mmoja, Jennie Smith, alitaka kuununua, naye Harriet akakataa. Mwaka 1891 shida iliingia nyumbani, akakubali kuuuza. Aliomba dola 10, akapewa 5. Leo mfarishi huo umehifadhiwa katika makumbusho ya taifa mjini Washington.

Wala si Marekani peke yake. Katika ufalme wa Dahomey, nchi iitwayo sasa Benin, mafundi wa mfalme walishonea wanyama juu ya nguo ili kuhifadhi habari za enzi: simba alikuwa alama ya mfalme Glele, na papa alama ya Behanzin. Basi mnyama wa kitambaa si mchezo wa watoto tu. Waafrika wamemtumia kama maandishi.

Sindano yafika kwetu

Wamishonari wa Kilutheri wa Leipzig walifungua vituo katika Kitui tangu miaka ya 1890, wakianzia Ikutha. Baada ya Vita Kuu ya kwanza wale wa Africa Inland Mission wakashika kazi ya Mulango. Kusoma, kufua na kushona vilikwenda pamoja katika mafunzo ya wasichana. Halafu mwaka 1952 kilianzishwa chama cha Maendeleo ya Wanawake, na wanawake wa wilaya mbalimbali wakafundishwa katika Jeanes School, Kabete, ili warudi kuwafundisha wenzao ushonaji, upishi na malezi ya watoto.

Lakini mikono iliyoipokea sindano haikuwa mitupu. Mama zetu walikuwa wakisuka kyondo tangu zamani, kwa nyuzi za mkonge na za gome la mbuyu, nao walijua kuhesabu mistari na kupatanisha rangi kabla ya kuona kitabu chochote cha mishono.

Na kwa upande wa wanaume, Mutisya Munge wa Wamunyu alikwenda Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hata 1918, akajifunza huko kuchonga, na aliporudi ufundi huo ukaenea kwa jirani na jamaa. Wamunyu iko katika barabara ile ile ya Machakos kwenda Kitui inayopita Kwa Vonza. Ndovu, twiga na swala wa mti waliosafiri duniani walitoka katika mikono ya jirani zetu.

Ndovu wa kwanza

Mtu anayeanza kushona sura ya mnyama na aanze na ndovu. Miguu yake ni minene, mgongo wake ni wa mviringo, hana ncha nyembamba za kumsumbua mwanafunzi. Na zaidi ya hayo, yeye ndiye aliyetununulia nguo ya kwanza.

Chukua kitambaa cha pamba cha rangi moja, ukikate mraba wa inchi 12 na nusu kila upande. Kwa mwili wa ndovu tafuta kipande cha kitenge au leso, na kwa sikio kipande cha rangi nyingine. Mabaki ya fundi cherehani yatosha. Fua na kupiga pasi kwanza, ili nguo irudi na rangi ichuje kabla ya kushonwa wala si baadaye.

Chora ndovu mwenye urefu wa inchi 8 juu ya karatasi ngumu, mkonga wake usipungue upana wa inchi moja. Mkate, mweke juu ya kitenge, mzungushe kwa chaki, kisha kata nguo ukiacha robo inchi nje ya mstari. Penye kona za ndani, yaani chini ya tumbo na kati ya mkonga na mguu, tia mkato mdogo usiofika kwenye chaki. Ukiacha kufanya hivyo pindo litavuta na ndovu atakunjamana. Kunja ukingo ndani, upige bandi pande zote.

Sasa mweke katikati ya mraba, mshike kwa pini, na umshonee kwa mishono midogo inayokaribiana, uzi usionekane sana. Shonea sikio vivyo hivyo. Jicho ni fundo moja la uzi mweusi, na mkia ni mshono wa mnyororo. Fumua bandi, piga pasi kwa nyuma.

Miraba 12 ya namna hiyo, mitatu kwa minne, ikiunganishwa kwa mshono wa robo inchi, hutoa shuka ya inchi 36 kwa 48. Ukitia blanketi kuukuu katikati na kitambaa kingine chini, kisha ukazidarizi nguo zote tatu pamoja, umepata mfarishi wa kumfunika mtoto.

Jambo la kufikiriwa

Mvua za Kitui wote twazijua. Mwaka zinapokosa, shamba halitoi kitu, na nyumba huangalia mikono ya mama. Hapo ndipo kazi njema huuzwa kwa bei ya shida, kama ilivyompata Harriet Powers. Kwa hiyo twashauri kwamba washonaji wetu wapatane mapema juu ya hesabu: bei ya kitambaa, bei ya uzi, na saa zilizotumika, na chini ya hesabu hiyo mtu asiuze peke yake, bali chama kimsaidie kungoja.

La pili ni kubwa zaidi. Jina la Mutisya Munge limeandikwa. Jina la Harriet Powers limebaki, na maneno yake pia, kwa sababu yule aliyemlipa dola 5 aliketi akaandika maelezo yake juu ya kila picha. Je, ni nani aliyeandika majina ya mama waliofundisha sindano katika vijiji vyetu? Baadhi yao wangali hai, nao ni wazee. Chuo kikuu kimejengwa karibu nasi, kikapewa hati yake mwaka 2013. Lakini hata wataalamu hawawezi kusoma kisichoandikwa.

Twaomba basi karani wa chama afungue daftari, na kila nyumba ilete jina la mama aliyefundisha, mahali alipofundisha, na jina la yule aliyemfundisha yeye. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa huu huongezeka kila tunaporudi kutoka maziko.