Namba Gani? Historia Fupi ya Gari la Mtumba Mwanza

Mwanza hatuulizi sana gari limetengenezwa mwaka gani. Tunauliza, "Namba gani?" Jibu huwa herufi moja: B, C, D, na sasa E. Hiyo ni herufi inayofuata tarakimu tatu kwenye kibao, katika mfumo wa T ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 na kuchukua nafasi ya namba zilizoanza na TZ. Herufi ikisogea mbele, dalali naye anapandisha bei. Lakini kibao hakitaji umri wa gari. Kinataja lilisajiliwa lini hapa nchini. Toyota iliyotoka kiwandani 2003 inaweza kuvaa D na kutembea kifua mbele mbele ya dada zake wenye namba B waliozaliwa mwaka uleule.

Mimi naisoma herufi hiyo kama kalenda, na kila nikiirudisha nyuma nakutana na swali moja: nani aliruhusiwa kuwa na gari, na ruhusa aliipata kwa nani?

Miaka ya 1950 jibu lilikuwa pamba. Vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana chini ya Paul Bomani, na muungano huo ukawa miongoni mwa ushirika wenye nguvu kuliko wote Afrika. Lori lilikuwa la chama, la serikali, la misheni au la mwenye duka. Mkulima aliyeijaza kwa marobota alilifukuzia vumbi kwa miguu. Baba yangu alikuwa mwalimu, na chombo chake maisha yote kilikuwa baiskeli.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, uagizaji ukawa kazi ya mashirika ya umma. Magari yalikuwa chini ya State Motor Corporation, na fedha za kigeni zilikuwa mikononi mwa Benki Kuu. Kuwa na shilingi hakukutosha; ulihitaji kibali. Vita ya Kagera ya 1978 na 1979 ilikausha hazina, na petroli ikawa adimu kiasi kwamba Jumapili mchana magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea. Kwa hiyo hata aliyekuwa nalo, kuna saa ambazo hakuwa nalo.

Mlango ulifunguka 1984. Mwaka mmoja kabla, Edward Sokoine alikuwa akiwasaka wahujumu uchumi nchi nzima. Kisha bajeti ya waziri wa fedha Cleopa Msuya ikaruhusu mwenye dola zake nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa alizitoa wapi. Pikapu zilianza kuonekana. Nadhani hapa ndipo historia yetu ilipogeuka, mwaka mmoja kabla ya Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu na watu kumwita Mzee Ruksa. Fedha iliyofichwa jana ilipata magurudumu leo. Aliyefuata sheria na kuweka akiba kwa shilingi aliendelea kusubiri basi.

Miaka ya 1990 ziwa lenyewe likaleta dola. Viwanda vya minofu ya sangara vilijipanga ufukweni Mwanza, na samaki akaruka hadi Ulaya. Wakati huohuo Japani ilikuwa na magari mazuri isiyoyataka. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama humfanya mwenyewe aone heri aliuze. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, usukani uko kulia, hivyo hakuna cha kubadilisha.

Ila redio. Masafa ya FM ya Japani yanaishia kwenye 90 na kitu, kwa hiyo redio ya gari lililoshuka melini haizipati stesheni zetu nyingi hadi fundi afunge kifaa cha kuzishusha. La kwangu, kila nikiliwasha, mwanamke mmoja hunikumbusha kwa Kijapani kwamba sijaingiza kadi ya kulipia barabara. Nimemzoea.

Kufika nayo nyumbani ilikuwa safari nyingine. Kabla lami ya kati, kupitia Dodoma na Singida, haijaunganishwa, mabasi ya Dar es Salaam kwenda Mwanza yalizunguka kupitia Nairobi. Ukipita Kenya unaona tofauti ya sera: wenzetu hawaruhusu gari lenye zaidi ya miaka minane kuingia. Uganda nayo iliweka kikomo cha miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango. Iliweka mtoza ushuru mlangoni.

Bandarini unatozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, kisha VAT ya asilimia 18 inayokokotolewa juu ya jumla ambayo tayari ina ushuru ndani yake. Gari likiwa kuukuu linaongezewa kile tunachokiita uchakavu. Hoja ya serikali inaeleweka: moshi na ajali. Lakini anayenunua kuukuu ni yule asiyeweza jipya, na ndiye anayelipia uzee wa gari. Ni gari hilohilo litakaloitwa mchomoko, lipakie watu kupita kiasi, na usiku limkimbize mama mwenye uchungu hospitali kutoka kijiji ambako gari la wagonjwa halifiki.

Mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya magari ilifutwa, na wenye magari tulifurahi. Pengo lilizibwa kwa kuongeza shilingi 40 kwa kila lita ya petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mafuta ya taa ndiyo yaliyowasha karabai za wavuvi wa dagaa. Ukisimama Kirumba usiku wa giza ungeziona taa zao ziwani, zimejipanga kama mji wa pili. Pale kulikuwa na watu waliochangia ada ya gari langu kwa kila lita waliyoiunguza, na hakuna aliyewauliza namba gani.