Bunduki ya bankambo na kachuma ka nyuma

Wakati kamati yetu ilipoanza kukusanya vitu vya zamani kwa ajili ya maonyesho, nilileta bunduki ya nkambo wangu. Ni bunduki ya kushindilia baruti kwa mdomo, ile watu wengi wanaita pupu. Kazi yake ilikwisha zamani: mtutu umeliwa na kutu, mtambo umevunjika. Lakini ilileta ubishi. Juu ya mtutu, upande wa nyuma, kuko kachuma kadogo kenye mfuo katikati, kameshikizwa kwa shaba. Wazee wawili walisema: «Hii si ya kiasili. Bunduki za bankambo hazikuwa na alama ya nyuma. Toa kale kachuma, ao toa bunduki.»

Nilirudi nayo nyumbani. Swali lao lilikuwa la maana, na ndilo ninajaribu kujibu hapa.

1. Bunduki zilitoka wapi?

Kwetu Katanga bunduki ziliingia kwa njia mbili. Moja ilitoka mashariki, pwani ya Zanzibar, kupitia Tabora na ziwa Tanganyika. Ya pili ilitoka magharibi, pwani ya Angola, kwa misafara ya Waovimbundu wa Bihe. Msiri, mwana wa mchuuzi wa shaba kutoka Unyamwezi, alifika hapa karibu mwaka 1856. Akajenga utawala wake Bunkeya kwa kushika njia hizo mbili: pembe, shaba na, tuseme ukweli, watumwa vilitoka, baruti na bunduki viliingia. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, lakini bunduki zilibaki mu mikono ya watu.

Nyingi zilikuwa za bei ndogo, zimetengenezwa Ulaya kwa ajili ya biashara ya Afrika, hasa Liège na Birmingham. Nyingine zilikuwa bunduki za askari zilizoachwa na majeshi yao. Nyingi zilikuwa na mtutu laini ndani, usio na mifuo ya kuzungusha risasi.

2. Kwa nini hakuna alama ya nyuma?

Tazama bunduki ya gumegume ya biashara. Karibu na mdomo utaona tone dogo la shaba ao la chuma. Nyuma hakuna kitu. Hata bunduki ya zamani ya askari wa Uingereza, kale kachuma kake ka mbele kazi yake ilikuwa kushika singe. Kulenga kulifuata tu.

Sababu ya kwanza ni risasi yenyewe. Ilifanywa ndogo kuliko mtutu ili iingie upesi, hata kama mtutu umechafuka na masizi ya baruti. Ikitoka, inagonga huku na huku, na inaruka bila kuzunguka sawasawa. Afisa Mwingereza, George Hanger, aliandika mwaka 1814 kwamba bunduki ya askari ingeweza kupiga mtu kwa yadi 80, labda 100, ndio kusema mita 73 hadi 91. Zaidi ya hapo ni bahati. Sababu ya pili: wengi walitia vipande vidogo-vidogo vinavyotawanyika. Kwa kazi hiyo jicho linafuata nyama, halitafuti mfuo. Sababu ya tatu ni bei: kila kachuma kanaongeza gharama.

Basi, bila kachuma, muwindaji alilenga namna gani? Jicho lake njo lilikuwa alama ya nyuma. Aliweka shavu pahali pale pale pa kitako kila mara. Akiinua kichwa kidogo tu, risasi inapita juu ya mgongo wa nyama. Ufundi huo haukuwa mu chuma, ulikuwa mu mwili.

Wasafiri wengi wa Ulaya walicheka Waafrika wanaopiga bunduki kutoka kiunoni ao kwa mikono iliyonyooshwa. Lakini fikiria: baruti imejazwa nyingi, mtutu ni wa chuma kibaya unaoweza kupasuka, na moto wa gumegume unawaka karibu na jicho. Kuweka uso mbali ilikuwa akili, si ujinga.

3. Sheria ya Bruxelles

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Bruxelles juu ya kukomesha biashara ya watumwa yalikataza kuingiza silaha za moto, zaidi zile za mifuo na za kisasa, kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Ruhusa iliachwa, kwa masharti, kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo pamoja na baruti ya biashara. Leta likabaki na bunduki za kisasa. Mwenyeji akabaki na mtutu laini.

Kumbe ile tunayoita «ya kiasili» ilichaguliwa pia na Bruxelles. Bankambo hawakukataa alama ya nyuma. Walipewa bunduki isiyo nayo, wakajifunza kuishi nayo.

4. Kachuma ka nkambo

Nkambo aliwinda peke yake, kwa risasi moja kubwa, na kushindilia tena mu pori kunaweza kumaliza dakika nzima. Mbogo hangoji. Kachuma ka nyuma hakawezi kuponya kosa la mtutu. Risasi itagonga-gonga tu. Lakini kanaponya kosa la mtu: kanamuonyesha kama kichwa kimeinuka. Kwa hatua 30 ao 40, kosa la mtu njo linaua ao linaokoa nyama.

Na kuko jambo lingine, nililosikia kwa nkambo mwanamuke mbele hajafa. Tunajua desturi: muwindaji akikosa, watu wanatafuta kosa nyumbani, zaidi kwa bibi yake. Aliniambia: «Mujukuu, mbele ya kale kachuma, akikosa nyama, banakuya kuniuliza miye. Balisema nilivunja muzilo. Kisha kutia kachuma, akikosa, anasema yeye mwenyewe: nilinyanyua kichwa.»

Sikuwa nimefikiri kwamba kipande cha chuma kinaweza kutetea mwanamuke.

Kwa hiyo nilirudisha bunduki kwa kamati, na kachuma kake. Niliomba iwekwe pembeni ya bunduki nyingine isiyo na alama ya nyuma, ili watoto waone zote mbili na waulize. Wazee wale wawili walikubali, mmoja bado ananung'unika. Ninyi wenye kusoma, kama kwenu kuko bunduki ya zamani, msiijaribu kwa baruti, na musitoe kitu juu yake. Muulize kwanza nani alitia kila kachuma, na juu ya nini. Wenye kujua ni wachache, na wanazeeka.