Boya Lisilolowa Maji

Januari 11, 1971, kwenye Mlango-bahari wa Dover kati ya Uingereza na Ufaransa, meli ya mizigo Paracas iligongana na meli ya mafuta Texaco Caribbean. Meli ya mafuta ililipuka na kuzama, watu wanane wakafa. Kesho yake Brandenburg ya Ujerumani ikayapanda mabaki, ikazama na watu 21 wakapotea. Maboya yakawekwa, na meli yenye taa ikasimamishwa karibu kuonya wapitao. Februari 27 Niki ya Ugiriki ikapita papo hapo, ikagonga, ikazama na wote 22 waliokuwamo. Watu 51 walikwisha katika muda usiofika wiki saba.

Kwangu mimi, historia ya boya pepe inaanzia hapo, ingawa redio iliyoliwezesha ilikuja baadaye sana. Tangu msiba ule swali limekuwa moja: hatari mpya itiwe alama vipi, upesi, na kwa namna ambayo nahodha wa nchi yoyote ataielewa bila kubahatisha? Hadi mwaka 1976 dunia ilikuwa na mifumo zaidi ya 30 ya maboya, mingine ikipingana waziwazi. Shirika la IALA, lililoundwa mwaka 1957 kushughulikia minara ya taa na alama za baharini, ndilo lililosimamia makubaliano ya mwaka 1980 yaliyoigawa dunia katika kanda mbili, A na B. Pwani yetu imo kanda A, ndiyo maana meli inayoingia Mombasa au Dar es Salaam huliacha boya jekundu kushoto kwake.

Rangi zilipatana, lakini muda ulibaki adui. Boya la chuma lina nanga, mnyororo na taa, na halifiki mahali pake mpaka lipelekwe na meli, bahari ikiruhusu. Desemba 14, 2002, Tricolor iliyobeba karibu magari 3,000 iligongana na Kariba gizani na katika ukungu, karibu na pwani ya Ufaransa, ikazama. Siku mbili baadaye Nicola ikayapanda mabaki yake. Januari 1, 2003, Vicky, iliyojaa mafuta, nayo ikayagonga, japo ulinzi na maboya vilikuwapo. Safari hii hakuna aliyekufa. IALA ikabuni boya la dharura la milia ya buluu na njano kwa ajili ya meli iliyotoka kuzama.

Wakati huohuo meli zilikuwa zinafungwa AIS, kifaa kinachotangaza kwa redio jina la meli, mahali ilipo, mwendo wake na inakoelekea. Sheria ya kimataifa ilizitaka meli za safari za nje zenye ujazo wa kuanzia tani 300 ziwe nacho kufikia mwisho wa mwaka 2004. Hutumia masafa mawili, 161.975 na 162.025 megahezi, na katika kila masafa dakika moja hugawanywa vipande 2,250 ili meli zipokezane zamu bila kukatizana.

Miongoni mwa aina za ujumbe wa AIS, ujumbe namba 21 ni wa alama za baharini. Boya halisi linaweza kuutuma lenyewe, au kituo cha nchi kavu kikausema kwa niaba yake. Kituo hichohicho kinaweza pia kutangaza boya mahali ambapo hakuna chochote majini, na hilo ndilo boya pepe. Hurudiwa kila baada ya dakika tatu, na kwenye kioo cha nahodha hutokea kama almasi ya mistari iliyokatikakatika. Linaweza kuwekwa kwa dakika chache, hata dhoruba ikiwa imechachamaa. Kwa yaliyotokea Dover, hilo si jambo dogo hata kidogo.

Umma ulilijua kwa njia ya intaneti. Desemba 2004 Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, lilionya kwamba kuchapisha bure mtandaoni taarifa za AIS kungeweza kuhatarisha usalama wa meli na bandari. Onyo halikuzuia kitu. Mwaka 2007 Dimitris Lekkas, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Aegean nchini Ugiriki, alianzisha MarineTraffic, na watu wa kujitolea wakafunga antena majumbani mwao na kutuma walichokinasa. Antena haichagui: ikinasa meli hunasa na ujumbe namba 21, na hivyo maboya pepe yakaingia kwenye ramani za simu zetu.

Hapa ndipo penye wasiwasi wangu. Ramani hizo mara nyingi huchelewa, na huenda zikamwonyesha mtazamaji boya pepe bila kumweleza kwamba hakuna kitu pale. Anayetaka uhakika aangalie namba yake: alama za baharini huanza na 99, hufuata tarakimu tatu za nchi, kisha 1 kwa boya halisi au 6 kwa boya pepe. La Kenya, kwa mfano, litaanza na 996346.

Hatari iliyo kubwa zaidi ilionyeshwa mwaka 2013. Watafiti Marco Balduzzi, Alessandro Pasta na Kyle Wilhoit walithibitisha kwamba ujumbe wa AIS hauna muhuri wowote wa aliyeutuma, hivyo mtu mwenye redio na kompyuta anaweza kubuni meli, na hata boya. Mwaka uliofuata IMO ilitoa sera kuhusu alama za baharini za AIS, na Walinzi wa Pwani wa Marekani wakaanza kuzirusha kwenye maji yao.

Sera hiyo ni ya busara, lakini haimfikii mvuvi ambaye mashua yake haina AIS. Boya la chuma angeliona kwa macho, na kama ana rada lingetokea. Boya pepe halimwonyeshi lolote, hata likiwa mita kumi kutoka omo la mashua yake. Kwa sababu hiyo naona ni kosa kwa mamlaka yoyote kung'oa boya la chuma ili kubana matumizi, ikaacha la redio peke yake mahali ambapo wavuvi wadogo hupita.

Kuhusu muhuri, matumaini yako kwenye VDES, mfumo wa redio unaopanua AIS, ambao mikutano ya dunia ya mawasiliano ya redio ya 2015 na 2019 iliutengea masafa. Una nafasi ya kutosha kubeba saini ya kidijitali pamoja na ujumbe. Meli nyingi bado hazina vifaa vyake, kwa hiyo nahodha anayeona almasi mpya kwenye kioo chake huitafuta kwanza kwenye matangazo rasmi ya mabaharia, na asipoikuta humwita mlinzi wa pwani kwa redio kabla ya kugeuza usukani.