Gari Dogo Katika Mbio za Pasaka, 1974



Kila Pasaka, baada ya Misa, tunawasikia vijana wetu wa Makole wakibishana pikipiki ya nani ina nguvu zaidi. Juma hili tumependa kuwasimulia habari za Joginder Singh, Singasinga mzaliwa wa Kericho (Singh maana yake ni simba), aliyekuwa fundi wa magari kabla ya kuwa bingwa.

Mashindano ya Safari yalianzishwa mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Baadaye yakawa ya Pasaka, yaani ya masika na matope. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1974 alikuja na Mitsubishi Lancer, injini ya lita 1.6 tu. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa na Porsche ya lita 2.7, Mwitalia Sandro Munari alikuwa na Lancia Fulvia, nayo ndogo, tena ya muundo wa miaka ya 1960. Lancer ikawa ya kwanza, Porsche ya pili, Fulvia ya tatu.

Wahubiri wenzetu wangemleta hapa Daudi na Goliathi. Sisi twasita kidogo, maana Daudi mwenyewe alikuwa amelizoea kombeo lake tangu machungani. Joginder naye aliijua kila nati ya gari lake. Mwaka 1976 alishinda tena kwa Lancer, akawa dereva wa kwanza kutwaa Safari mara tatu. Alifariki London mwaka 2013.