Tahariri ya alama ishirini: somo la habari katika shule za Meru na Embu

Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 walipoingia sekondari ya juu Januari 2026, orodha ya masomo ya kuchagua ilikuwa na jina ambalo wazazi wao, waliosomea shule zizo hizo za Meru, Chuka na Embu, hawakulikuta darasani: Teknolojia ya Vyombo vya Habari. Limewekwa katika mkondo wa sayansi, safu moja na useremala, umeme, ufundi wa chuma na teknolojia ya ndege. Ni hatua njema, na imechelewa. Lakini ukifuatilia jinsi shule zetu zilivyofundisha mambo ya habari miaka yote hii, unapata sababu ya kuwa na wasiwasi.

Mwanzo wake hauna mengi ya kusimulia. Wamisionari wa Kimethodisti pale Kaaga na Waskoti walioanza Chogoria mwaka 1922 walifundisha watu kusoma ili wasome Biblia. Serikali ilipolichukua shirika la utangazaji mwaka 1964 na kuliita Sauti ya Kenya, redio ilitumika shuleni kama mwalimu msaidizi. Wanafunzi walinyamaza wakasikiliza kipindi kutoka Nairobi, kikaisha, somo likaendelea. Kwamba kipindi chenyewe kimeandaliwa na nani, na kwa nini, hilo halikuwa swali la darasani.

Ndipo ukaja mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, kufuatia ripoti ya Tume ya Mackay, na Kiswahili kikawa cha lazima na cha kutahiniwa. Ndani ya Kiswahili ndimo somo la habari lilimojibanza.

Aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, atakumbuka. Karatasi ya kwanza ni insha, na swali la kwanza ni la lazima: pengine tahariri, pengine barua kwa mhariri, mahojiano au ripoti. Kwenye tahariri, mwalimu alikukaririsha sura kabla ya maudhui: jina la gazeti juu, tarehe, kichwa, mwili, na mwisho kabisa jina la mhariri. Ukisahau jina la mhariri umepoteza alama za sura. Insha nzima alama 20. Karatasi ya pili nayo ilikuwa na isimujamii, alama 10. Unapewa kipande cha mtangazaji wa mpira anayekimbizana na mchezo, utambue sajili na utaje sifa zake: sentensi fupi fupi, kuchanganya ndimi, msamiati maalumu, utohozi.

Sidharau mafunzo hayo. Yametupa waandishi wazuri, na walimu wa Kiswahili waliyabeba peke yao bila kifaa chochote zaidi ya chaki na gazeti la jana. Ila yule mhariri wa kwenye insha hakuwa na mwenye gazeti juu yake, hakuhitaji wakili, wala hakulala akisikilizia polisi mlangoni.

Mhariri halisi tulikuwa naye, tena mwana wa Meru. Wakili Gitobu Imanyara alianzisha jarida la Nairobi Law Monthly mwaka 1987, chama kikiwa kimoja na wengi wakinong'ona tu. KCSE ya kwanza ilifanywa 1989. Mwaka uliofuata, jarida lake lilitoa toleo zima kuhusu mjadala wa sheria, demokrasia na vyama vingi. Mwezi Julai, siku zile zile za maandamano ya Saba Saba ya kudai vyama vingi, akatiwa mbaroni na kushtakiwa kwa uchochezi. Septemba 1990 Mwanasheria Mkuu, Matthew Muli, akalipiga jarida marufuku: matoleo yaliyokwisha kutoka, lililokuwa sokoni, na yote yatakayokuja baadaye. Hebu msomaji alitafakari hilo. Serikali ilikataza maneno ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameyaandika bado.

Imanyara akaenda mahakamani, amri ile ikasimamishwa, jarida likaendelea kutoka. Machi 1991 akakamatwa tena baada ya kuchapisha habari za chama alichotaka kukisajili Jaramogi Oginga Odinga. Mwaka huo huo wachapishaji wa magazeti duniani wakamtunuku Kalamu ya Dhahabu ya Uhuru, na Desemba kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja, kikafutwa. Baadaye watu wa Imenti ya Kati walimtuma Bungeni.

Kwa hiyo katika wiki zile za marufuku, mtahiniwa wa Kangaru au Meru School angeweza kupata alama zote za tahariri darasani, kisha akashtakiwa kwa kukutwa na jarida la Imanyara begini. Somo halikumwambia. Naona hilo ndilo pengo kubwa kuliko ukosefu wa kamera.

Nje ya darasa, tamasha za drama, zilizoanza 1959, ziliwapa wanafunzi nafasi pana zaidi, hasa filamu ilipoongezwa. Meru School iliandaa fainali za kitaifa mwaka 2016. Huko nako mkono wa dola ulifika: Butere Girls walizuiwa kuigiza mwaka 2013 hadi Mahakama Kuu ilipowaruhusu, na Aprili 2025 huko Nakuru wasichana wa shule hiyo hiyo waliimba wimbo wa taifa wakashuka jukwaani huku polisi wakirusha vitoa machozi nje.

Baada ya hapo ni mabadiliko ya haraka: Muuga FM kwa Kimeru, Wimwaro FM kwa Kiembu, Weru pale Meru, masomo ya redioni wakati wa korona, simu mikononi mwa watoto.

Sasa tuna somo lenye jina lake. Mwongozo wa mtaala wa 2017 umelihesabu kuwa ufundi, na wizara inataka asilimia 60 ya wanafunzi waende mkondo wa sayansi, 25 sayansi za jamii na 15 sanaa na michezo. Katika sayansi za jamii, mahali ambapo maswali ya umiliki, sheria na propaganda yangekaa vizuri, hakuna somo la habari. Na si kila shule inayotoa mikondo yote mitatu. Mtoto wa shule ya kutwa Mbeere au Tharaka anachagua kulingana na kile shule yake ilicho nacho.

Kundi hili la kwanza litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, mwaka mmoja baada ya KCSE ya mwisho ya 8-4-4. Mwalimu atakayepewa somo hili ana muda wa kuingia darasani na toleo lile la 1990 pamoja na kamera, na kuwauliza wanafunzi redio inayosikika kwao kila asubuhi ni ya nani na nani huilipia.