Rwanda: Kuchagua baiskeli ya umeme ya kwanza katika milima ya Kigali

Rwanda iliamua kuwa kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za kubeba abiria zitakazosajiliwa Kigali ziwe za umeme pekee. Kwa anayetafuta chombo chepesi zaidi, ipo baiskeli ya umeme yenye fremu iliyoshuka katikati. Mwendeshaji hupitisha mguu mbele ya kiti badala ya kuuinua juu ya mzigo ulio nyuma, jambo linalowafaa wazee na wavaao kitenge.

Hata hivyo, fremu isiyo na bomba la juu huweza kuyumba ikibeba mzigo. Kwa hiyo bomba la chini linapaswa kuwa nene, na betri ikae chini karibu na pedali, si kwenye keria.

Mlimani, mota iliyo kwenye pedali huifaa safari kuliko ya gurudumuni, kwani hutumia gia. Uwezo wa betri hupatikana kwa kuzidisha volti kwa ampea-saa: 36 mara 14 ni wati-saa 504.

Nyingi za baiskeli hizi huzidi kilo 20, na kila mlima unaopandwa una mteremko wake. Breki za diski zikaguliwe kabla ya kuuliza bei.